Aliyeipokea Hadithi ya Odera

Odera alipona siku ya Jumanne, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Si kwamba mtu hapaswi kupona. Hospitali ni ya nini basi? Lakini Frankline Odera alikuwa ameugua skizofrenia miaka tisa, tangu alipokuwa akipakia ngozi za mbuzi kule machinjioni Kiamaiko, na wodi ile ya wagonjwa wa akili ilikuwa imemzoea. Aliingia, akatulia kidogo kwa dawa, akatoka, akarudi. Dawa zilimpunguzia kutetemeka na kupiga mayowe. Ila yule aliyekuwa akimsemesha hazikumnyamazisha hata siku moja. Ungemwona kijana wa watu amekaa kitandani, anageuza kichwa kushoto, anajibu kitu kwa sauti ya chini, anasubiri, kisha anajibu tena, kutwa kucha, mpaka midomo inapasuka.

Jumanne hiyo nesi Triza Khavere alipoingia zamu alimkuta Odera amelala fofofo, anakoroma. Saa nne akaamka, akaoga bila kusukumwa, akanywa uji vikombe viwili, akauliza mechi za wikendi ziliishaje. Luseno, nesi mwenzake Triza, alipiga makofi katikati ya wodi kama yuko kanisani.

"Umeamkaje, Odera?" Triza akamuuliza.

"Vizuri, sista. Kumenyamaza."

"Mungu ni mwema!"

Odera akamtazama kwa muda mrefu, macho yakamjaa machozi. "Pole sana, sista," akasema.

"Pole ya nini tena wewe?"

Odera alivuta blanketi akageukia ukutani, na Triza akaendelea na kazi zake.

Nikueleze kwanza jinsi kazi ile ilivyofanywa, maana bila hivyo hutaelewa mama wa watu alivyoingia mtegoni. Zamani uuguzi wa wodi ile ulikuwa funguo na sindano. Mgonjwa akisema anasikia sauti, unaandika kwenye chati "anasikia sauti", unamwita daktari aongeze dozi, yamekwisha. Kisha akaja Daktari Mbeti, mwanamke mfupi kutoka Embu asiyejua kuchoka, akasema mgonjwa si ugonjwa wake tu. Ana mama, ana kazi aliyoiacha, ana Mungu wake, ana mambo yaliyomkuta, na vyote hivyo viuguzwe pamoja. Dawa ziendelee, ndiyo, lakini kila nesi achukue mgonjwa mmoja, avue koti jeupe, wakae kwenye viti vya kimo kimoja, chai vikombe viwili, amsikilize hadithi yake mpaka iishe. Usimkatize. Usimsahihishe. Andika maneno yake vile vile alivyoyasema, umsomee, na akikubali ndiyo yenyewe, umwambie, "Nimeisikia hadithi yako mpaka mwisho, na nimeipokea."

Triza mwanzoni alicheka. Miaka ishirini na miwili kazini, leo aje afundishwe kukaa kitini! Lakini alimwona mama mmoja aitwaye Amondi, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akipigana na manesi kila akipelekwa bafuni, akisimulia jinsi mafuriko yalivyombeba mwanawe, na kesho yake akaomba sabuni mwenyewe. Tusiseme uongo, mambo yale yalisaidia watu. Triza akaamini, na mtu wa Maragoli kama yeye akishaamini jambo, huligeuza dini.

Kumsikiliza Odera kulimchukua wiki tatu. Odera alimsimulia juu ya stoo ya ngozi Kiamaiko, na mzee mmoja, Patrobas, aliyekuwa akikwangua mafuta kwenye ngozi kwa kisu. Siku moja saa saba mchana, wenzao wakiwa wameenda kula, Patrobas alimwambia Odera akae, akamsimulia habari ya kitu kilichompata humo humo stoo. Kinakaa nyuma ya sikio la kushoto. Hakitukani, hakiamrishi. Kinauliza neno moja tu: "Halafu?" Ukifikiria chakula, kinauliza halafu. Ukimkumbuka mamako marehemu, halafu. Ukimaliza yote unayoyajua, bado kinataka, na wewe unaanza kutunga, unajichimba mpaka ndani hakubaki kitu. Odera alikuwa amelelewa vizuri. Mzee akizungumza, kijana anasikiliza mpaka mwisho. Ilipokwisha akasema, "Pole mzee, nimekusikia, huo mzigo nimekupokea." Kwa adabu tu! Patrobas akacheka kama mtoto, akaweka kisu chini, akaondoka kwenda kwao Busia na hakuonekana tena. Jioni hiyo Odera akasikia swali la kwanza.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo Triza alimwandikia na kumsomea Jumatatu. Odera alilia kwikwi.

"Sista, utaipokea kweli? Ama unasema tu kwa sababu ya daktari?"

Na Triza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya mgonjwa, akamshika mikono yote miwili. "Nimeisikia hadithi yako mpaka mwisho, Odera, na nimeipokea kwa moyo wangu wote."

Harufu ya ngozi mbichi iliyotiwa chumvi ikapita mle chumbani. Triza akafikiri ni upepo wa Kiamaiko, si mbali na hospitali, akainuka kufunga dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa tangu asubuhi.

Sasa turudi Jumanne, saa saba mchana. Triza alikuwa kwenye toroli ya dawa. Akawaza: leo nikitoka nipitie sokoni ninunue mboga.

"Halafu?" mtu akasema nyuma ya sikio lake la kushoto.

"Halafu niende nyumbani, Luseno, unataka nini?" Akageuka. Luseno alikuwa mwisho wa wodi, anamfunga mgonjwa bendeji. Kati yao palikuwa na vitanda kumi na viwili. Triza akasimama hapo na kikombe cha vidonge mkononi.

Akajiambia ni uchovu. Nani hangejiambia hivyo? Alimaliza zamu, akanunua mboga, akapanda ngazi mpaka orofa ya tatu kule Kayole anakoishi na binti yake Whitney. Ni wawili tu, baba yake Whitney alifariki zamani. Msichana alikuwa na miaka kumi na tisa na barua ya chuo cha uuguzi ukutani, aende Septemba. Hiyo barua Triza aliipenda kuliko picha yake ya harusi.

"Mathe, uko sawa?" Whitney akauliza.

"Nani ameleta ngozi humu ndani?"

"Ngozi gani? Hakuna kitu inanuka, ni vitunguu tu."

Siku ya tatu Triza akaanza kusikia kukwangua. Alikuwa amepumzika nyumbani, jua limewaka, watoto wa ploti wanapiga kelele chini, na ukutani nyuma ya kabati kwaru, kwaru, kwaru, kisu kwenye ngozi. Akavuta kabati, akaweka sikio ukutani, na kule kukwangua kukahama kukaja nyuma yake, akageuka kukahama tena, akazungukazunguka pale sebuleni kama kuku aliyefungwa mguu huku akiwaza nimwite jirani, halafu?, nitamwambia nini, halafu?, ataniona mwendawazimu, halafu?, nitapelekwa kwenye wodi yangu mwenyewe, halafu?, na Luseno ataandika kwenye chati maneno yale yale ambayo mimi mwenyewe nimeyaandika kwenye chati za watu kwa miaka ishirini na miwili, anasikia sauti, ananusa harufu isiyokuwepo, hana ufahamu wa hali yake, halafu?, halafu?, mpaka akajikuta amekaa sakafuni, amejiziba masikio kwa viganja, anajibu kwa sauti, na Whitney amesimama mlangoni na mfuko wa mkate, anamtazama mama yake.

"Unaongea na nani, mum?"

"Naomba, mwanangu. Ninaomba tu."

Aliomba kweli. Mchungaji alimwekea mikono Jumapili mbili. Alimeza dawa za wodini, kwa kipimo anachokijua, na zikamletea usingizi na mate mdomoni basi. Wiki ya tatu akamtafuta Odera, ambaye alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani na kusifiwa mbele ya wageni wa daktari. Alimkuta nje ya nyumba ya dada yake, amenona, anachambua mchele kwenye sinia.

"Ulijua," Triza akasema.

Odera hakuinua macho. "Nilikuwa nimechoka, sista. Miaka tisa."

"Mimi nina mtoto!"

"Mimi nilikuwa na mke. Alienda mwaka wa pili." Akashusha sauti, dada yake asisikie. "Sikukudanganya. Nilikusimulia kila kitu, nikakuuliza kama unaipokea kweli. Hamkuamini tu. Mlikuwa mnasikiliza vizuri, lakini hamkuamini."

Triza alijua ni kweli. Alipokea kama mtu anavyopokea wimbo wa mtoto.

"Nitaitoaje?"

"Vile nimetoa. Tafuta mtu. Umsimulie mpaka mwisho, aseme amepokea. Chagua mtu humpendi, sista. Mimi sikuwa na huyo, kila mtu alinikimbia. Wewe peke yako ndiye ulikaa." Akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mchele. "Nisamehe."

Kutoka hapo Triza alienda Majengo, Pumwani, kwa Maalim Abdiqadir, mzee anayesomea watu wenye majini. Mkristo kama yeye kukanyaga hapo si jambo dogo, lakini shida haina kanisa. Maalim alimkalisha mkekani, akawasha ubani, akaanza kusoma. Ubani ukageuka harufu ya ngozi. Alipofika katikati ya kisomo akanyamaza kuvuta pumzi, na mdomo wa Triza ukafunguka, na sauti isiyo ya Triza, kavu, yenye hamu, ikamuuliza mzee: "Halafu?"

Maalim akafunga kitabu polepole.

"Mama," akanong'ona, "huyu hakukuingia. Huyu ulimkaribisha kwa maneno yako mwenyewe, mbele ya aliyekuletea. Jini aliyeingia nitamfukuza. Aliyepokewa ni mgeni wako, mimi nimfukuze kwa haki gani?"

"Nikikaa naye mpaka nife?"

"Ukifa naye hujamsimulia mtu, anakwisha na wewe. Karatasi haimpitishi, mama. Anapita mdomoni akiingia sikioni. Funga mdomo wako." Triza akataka kusema jambo, na mzee akainua viganja vyote viwili haraka. "Usinisimulie! Nakuomba kwa jina la Mungu wako na wangu. Nina wajukuu."

Basi Triza akajua kazi yake. Yeye ndiye angekuwa wa mwisho. Asingempa mtu, hata adui, na zaidi ya yote mgeni yule asimfikie Whitney.

Rahisi kusema! Siku moja wakati wa chai Luseno alimvuta kando. Luseno ni baba wa mapacha wa miezi minne, kwenye simu yake huoni kitu kingine. "Triza, dada yangu," akasema, "unaongea peke yako. Tumekuwa pamoja miaka kumi. Nisimulie. Nitakusikiliza kama tunavyowasikiliza wao." Akavuta viti viwili. Triza akaketi. Na lo, utamu wa kuketi pale! Akaanza, akasimulia stoo, akasimulia Patrobas na kisu chake, na kwa kila sentensi iliyomtoka mzigo ulipungua, nyuma ya sikio pakatulia, harufu ikaondoka, akahisi usingizi mzuri unamjia kwa mbali, akawaza mapacha hawatajua, ni wachanga, baba yao ni mtu mwenye nguvu, ni imara kuliko mimi, atapata naye mtu wa kumpa, hadithi ikafika karibu na mwisho kabisa, Luseno ameinama, anatikisa kichwa kwa huruma, midomo yake tayari inatengeneza yale maneno, na Triza akajiuma ulimi mpaka damu ikamwagika kwenye koti lake. Hakumalizia. Alikimbilia chooni akalia kwa aibu ya alivyokaribia kumfanyia rafiki yake.

Tangu siku hiyo hakusema tena. Neno lolote lilikuwa mlango, hata salamu. Aliacha kusema kazini, akaacha kusema nyumbani, na baada ya siku sita Whitney na Luseno wakamshika mikono, mmoja huku mwingine huku, wakamlaza katika wodi yake mwenyewe. Kitanda karibu na dirisha. Daktari Mbeti alilia alipojaza fomu.

Wakamuuguza vizuri, lazima niseme. Hakuna aliyemfokea. Kila siku Luseno alileta viti na chai, akakaa, akangoja. Triza alikodolea dari macho huku lile swali likimchokonoa, halafu, halafu, na yeye akilijibu kimoyomoyo, amelipa utoto wake wote wa Vihiga, amelipa harusi, amelipa siku ya kumzaa Whitney na siku ya kumzika mumewe, amelimaliza ghala lote, na kisu kikikwangua, kwaru, kwaru, sasa si ukutani tena, kwa ndani. Wiki tano hakutamka hata silabi. Alianza kukataa chakula pia, maana kufungua mdomo kulimwogofya.

Whitney alikuja kila siku saa za kuona wagonjwa. Aliomba afundishwe namna ya kumsikiliza mama yake, na Luseno, kwa nia njema, akamfundisha yote: kimo cha viti, kutokatiza, na yale maneno ya mwisho. Triza alipomwona mtoto anavuta kiti kwa namna ile alishika shuka akaisokota kinywani, akaanza kujigonga kichwa kwenye chuma cha kitanda. Manesi wanne wakamshika. Daktari akaagiza sindano ya kumlaza usingizi. Triza alipigana nayo kwa macho, kwa mikono, kwa miguu, kwa kila kitu isipokuwa maneno, na dawa ikamshinda.

Alipozinduka kulikuwa mchana. Alisikia vijiko vinagongana jikoni. Alisikia mtu anafagia nje. Akasubiri swali, halikuja. Akawaza kwa makusudi: nina kiu. Kimya. Nataka maji. Kimya, kimya kitamu, hewa inanuka dawa ya sakafu tu, na kwa pumzi moja Triza alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi maishani.

Kisha akageuza kichwa akamwona Whitney kwenye kiti.

"Mathe! Umeamka! Umelala siku mbili."

"Whitney." Sauti ilikwaruza, haikuwa imetumika siku nyingi. "Niliongea?"

"Uliongea, mum. Jana mchana wote, usingizini. Sikukukatiza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Stoo, na huyo Patrobas, na Odera, na wewe, na Maalim." Msichana alikuwa akitabasamu na uso umempauka. "Ulikuwa unalia, mum. Ulikuwa unalia na macho yamefungwa. Ningefanya nini? Nilikushika mkono, nikakwambia nimeipokea."

Triza akateremka kitandani, akajivuta sakafuni mpaka kwenye kiti, akaikumbatia miguu ya mtoto wake. "Nisimulie. Sasa hivi. Nisimulie yote, nirudishie, mimi nimeshazoea, mimi nimeshaishi. Nisimulie, Whitney, mama anakuomba, mama anakusujudia!"

Whitney alifungua mdomo. Kidogo akanyamaza, kwa namna ya mtu aliyeulizwa jambo na mwingine. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya midomo. Akainama akamfuta mama yake machozi kwa ncha ya kitenge.

"Nimesikia yote, mum, hata vile ulijiuma ulimi," akasema polepole. "Wiki tano ulinyamaza kwa sababu yangu. Sasa niache na mimi. Enda nyumbani ukule, ulale."

Triza akapiga mayowe hadi Luseno akaja mbio, na Daktari Mbeti nyuma yake, wakamkuta mgonjwa wao aliyekuwa bubu anapiga kelele za maneno kamili, wakashikana mikono kwa furaha. Hakuna aliyemtazama msichana.

Hayo ya Whitney ndiyo maneno ya mwisho ambayo Triza aliyasikia kutoka kwa binti yake. Whitney yuko hai hadi leo. Amekaza midomo, hasemi kitu, na kila daktari aliyempima anasema mwili wake ni mzima kabisa, ataishi mpaka uzee.